Viganja Viwili

Tangu saa kumi na moja alfajiri nalaumu.
Nimelaumu unga, umepanda tena.
Nimelaumu mvua iliyonyesha Urambo ikaturuka sisi,
mbwa wa Kanyenye, jogoo asiyejua saa,
na Sizya wa duka la kona
anayelipa mikate kwa "kesho, kaka,"
kesho iliyokwisha ota ndevu.
Nimemlaumu hata mke wangu, Nyanzobe,
kwa kuimba huku anakanda.
Anaimba nini, na magunia yamebaki mawili?

Kufika Ng'ambo, baiskeli nayo ikaanza.
Kwaru. Kwaru. Kwaru.
Kila mzunguko rimu inaparuza breki.
Nikasema haya, hata chuma kimenichoka.

Kwa fundi Kalunde, mkabala na mashine ya kusaga,
binti wa miaka ishirini, grisi hadi kiwiko,
nikaibwaga chini.
"Rimu imepinda yote. Yote kabisa. Nitafutie nyingine."
Hakunijibu. Aliipindua matairi juu,
akachomoa kipande cha chaki kwenye nywele zake,
akazungusha gurudumu, akaisogeza chaki
karibu, si karibu sana,
kama mtu anayetega sikio ukutani.

Gurudumu likapita, likapita,
likapita bila kuigusa.
Kisha mstari mweupe, mfupi.
"Hapa," akasema. "Viganja viwili. Kwingine kumenyooka."

Nilitaka kubishana.
Nimekuzoea kupinda kwangu, nakujua kwa jina.
Kwingine! Nani kakuuliza habari za kwingine?
Lakini chaki haina ndugu,
na ilikuwa imekwisha sema.

Akashika spana ndogo: spoku moja robo, ya pili nusu,
ya upande wa pili akailegeza
(hilo nalo sikulijua,
nilidhani dawa ya kupinda ni kukaza tu).
"Mia tano. Na usipakie mikate upande mmoja."

Sikugeuka mtu mwingine njiani, msidhani.
Unga bei ni ileile. Sizya ni Sizya.
Ila nikishuka Chemchem, gurudumu kimya,
nilijikuta naizungusha siku yangu
na chaki isiyokuwepo mkononi:
mikate themanini, imekwenda sabini na mitatu;
magoti yote mawili bado yanapanda kilima;
mtoto wa Mama Msafiri kanikimbilia, kama kawaida yake,
hana senti, kaja kunusa kapu tu,
kanusa, kacheka, karudi kwao.
Likapita, likapita.
Kisha Sizya: mstari mweupe, mfupi.
Nikasimama dukani kwake, nikamwambia
elfu nne na mia sita, Jumamosi,
la sivyo Jumapili kapu langu litakupita.
Robo tu. Bila matusi.
Na upande wangu nikalegeza:
jogoo nikamwachia asubuhi yake.

Nyumbani Nyanzobe anakanda ya kesho,
wimbo uleule, anakosea maneno yaleyale.
Nikatazama pembeni. Magunia mawili.
Nikahesabu tena:
mawili!
Nikanawa mikono, nikaingia kwenye unga.