Kimo cha Goti

Huku Chigongwe, mwezi wa nane,
upepo hauji na kitu mkononi.
Huokota njiani:
punje moja, nyingine, za jana, za juzi,
na kabla ya saa nne asubuhi
umejaza kiganja, umeanza kazi.

Nyuma ya machimbo lipo jiwe tuliloliita Shingo.
Juu kichwa kipana, cheusi kwa jua,
chini limekonda
kama mpini ulioshikwa na ukoo mzima.
Mgeni huuliza, nani alilichonga?
Tunamwambia ainame.

Akiinama anasikia.
Mchanga haujui kuruka.
Punje huinuka, hudunda, huanguka,
humgonga mwenziwe, naye huinuka,
na safari yao yote haivuki kimo cha goti.
Ndiyo maana kichwa kimesalia.

Na mchanga wenyewe ni wa nani?
Mchana jua hulitanua jiwe,
usiku wa kipupwe hulibana,
ngozi hubanduka, ganda kwa ganda, kama kitunguu;
ganda huwa changarawe, changarawe huwa punje,
punje hurudi nyumbani na meno.

Jiwe hili linaguguna wazazi wake?
La. Linagugunwa na wanawe.

Mama yangu, Sechelela, hakusimama kazini.
Kokoto haipondwi kwa kusimama.
Aliketi, miguu ameinyoosha,
mkononi pete ya tairi ya kushikia jiwe,
debe kwa debe, miaka kumi na tisa,
na alipoinamia nyundo
uso wake ulilingana na goti la Chedego,
dereva wa lori, aliyesimama na miwani yake
akihesabu madebe.
"Leo upepo wa kawaida tu," alisema.
Hakusema uongo.
Kule juu alikokuwa ulikuwa wa kawaida.

Kliniki ya macho walisema
kioo cha jicho la kushoto kimekwaruzika.
Daktari akachora kwenye karatasi:
vijistari vyembamba, vimelala upande mmoja.
Sikuuliza kitu. Nilivijua.
Nilivipapasa utotoni, kwenye Shingo.

Kokoto zake zimo mjini sasa, ndani ya nguzo,
ghorofa ya tano, mbali na magoti ya watu.
Wanasema jengo lile halitikiswi na upepo.
Sawa.

Juzi nilikwenda na kamba yake ya kuni,
ile yenye fundo alilofunga mwenyewe
siku tulipolipima jiwe kwa mchezo.
Nikaizungusha.
Fundo likaangukia palepale.
Miaka yote hiyo, hata unywele!
Upepo hauna haraka na jiwe.
Haraka ulikuwa nayo kwetu.

Leo nimepanga viroba upande wa mashariki,
vimejaa mchanga uleule.
Nyamwanji ananicheka: ukuta gani huu, mbuzi anauruka?
Namwambia aketi nyuma yake, aponde.
Kimo cha goti.
Hauhitaji kuzidi hapo.