Mia Tano ya Sechelela

Banda la Nyemo, Kibaigwa, Jumamosi.
Tajiri kauawa maktabani; wote wanashukiwa,
hata sisi wa benchi la nyuma.
"Ni yule mpishi," anasema Sechelela, akimenya karanga.
"Staa wa pesa zote zile
hawezi kuletwa kumimina chai tu."

Kweli, mpishi.

Ya pili ni wezi. Saa nzima wanachora ramani ya benki.
Anacheka. Pale sokoni, kwenye mzani wa mahindi,
kilo tatu huondoka
na hakuna aliyechora kitu.

Ya mwisho, jamaa wa joho anapaa,
anazuia treni kwa kidole,
umeme unakatika.

"Apae basi hadi kwenye transfoma!
Nyemo, mia tano yangu.
Mpishi nilimjua bure,
huyu nilimlipia."