Tumbo la Gari

Jiwe lile la Mto Siti lilikuwa pale
tangu kabla Bukwo haijaitwa wilaya.
Halikunifuata. Mimi ndiye niliyelikuta,
mtungi wa naitrojeni umefungwa mkanda kama abiria,
mbegu za fahali wa mbali zimelala ndani
kwenye baridi ambayo hata kilele cha Elgoni hakiijui,
na Kaptui kwenye simu: Anawapanda wenzake tangu alfajiri,
njoo upesi.

Joto la ng'ombe halingojei fundi.
Kigari kiliguna mara moja tu,
kikatema oili, mstari mweusi wa nusu maili,
nikasimama nikiutazama
kama mtu anayesoma barua ya deni.
"Siku ishirini na moja nyingine," alisema Kaptui.
"Nani atalipa, wewe au jiwe?"

Ndipo nikashuka Mbale.

Duka la Wopuwa liko nyuma ya maegesho ya malori.
Alinilazia mabamba matatu sakafuni.
La alumini lilikuwa jepesi, liking'aa kama sufuria ya harusi.
Nikaligonga kwa kifundo cha kidole,
vile nigongavyo ubavu wa ndama aliyevimbiwa.
Likalia mno. Nikamwambia, hili linalalamika
na bado halijaonana na Siti.

La chuma, milimita nne, lilinyamaza vizuri.
Lakini nilipoliinua mgongo ulinitajia umri wangu,
na springi za kigari ni za kubeba magunia mawili ya mahindi,
si mlango wa benki.

La tatu, plastiki nene, jeusi,
lateleza mkononi kama sabuni ya mche.
"Hili haligombani na mawe," akasema, "linapita tu."
Bei yake: ndama jike mmoja na miguu ya wa pili.

Lipi bora?
Akacheka. "Bora ya wapi? Ya mchanga, ya visiki, au ya kwenu?
Nieleze njia yako, dada, ndipo nikuuzie."

Nikaeleza.
Kivuko cha Siti. Mzizi unaochomoza karibu na kanisa.
Ule udongo mwekundu wa Aprili unaovua watu viatu.
Mteremko ninaoushuka macho nusu yamefumba.
Miaka kumi na mmoja naipita njia hiyo
na hakuna aliyewahi kuniuliza habari zake.

Nikanunua jeusi kwa ajili ya tumbo,
na kipande cha chuma kwa ajili ya pua,
maana pua ndiyo husalimia kwanza.

Soyekwo alilifunga, akinung'unika.
"Vichwa vya bolti nitavizamisha.
Jiwe likivinyoa hutafungua tena,
na kinga isiyofunguka ni jela."
Akatoboa tundu chini ya nati ya oili,
na matundu mengine ya kutokea tope.

Mvua ya pili, jiwe la Siti likabisha hodi.
Chini ya nyayo zangu nikasikia
kama kiti kinachoburutwa chumba cha jirani.
Sikuitikia karibu.

Sasa kila Jumamosi nalala chali chini yake.
Wazee walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo,
nao walikuwa na maana ya kuni.
Mimi nilinusa moshi Kapkoros:
majani makavu yamejazana juu ya bamba
yakiota joto la ekzosi.
Nayatoa kwa kijiti. Mara moja nilitoa chura, mzima,
amekasirika.

Halafu nasoma mikwaruzo.
Huu wa mshazari ni Kaptui, ndama jike, ana doa usoni.
Huu mfupi siukumbuki.
Ule mrefu kuliko yote ni usiku wa radi, kule juu,
nikafika kwa wakati, mikono ikiwa safi, mbegu hai,
na ng'ombe hakushika mimba.

Nakaza bolti kumi na moja.
Ya kumi na mbili ilidondoka njiani, sijui wapi,
sijui lini.