Ufizi wa Karani

Nilijua kwa harufu kwanza.
Alipiga mwayo juu ya daftari la mauzo
na chumba kizima cha kinu kikanuka
debe la mukene lililosahauliwa mvuani.

Jina lake Karani,
kwa kuwa hulalia hesabu zangu,
mkia juu ya madeni ya watu.
Miaka saba hajakosa zamu.
Panya wa Tororo wanamfahamu,
na vumbi la saruji, linalotua mjini bila kubagua,
limempa mvi kabla ya siku zake.

Wiki ile alimkamata panya
akamwachia.
Akaketi akimtazama anakwenda zake,
udenda ukining'inia kama uzi wa gundi,
mguu wa mbele ukipapasa shavu
vile ninavyopapasa langu usiku
gego la kushoto likifungua kesi.

Nikamfumbua kinywa penye mwanga wa mlango:
ufizi mwekundu, nyanya iliyobonyezwa na wanunuzi,
na ukoga mzito shinani mwa meno,
rangi ya sufuria ya chai.

Nyaketcho, auzaye mihogo mbele ya kinu, akasema,
"Karafuu. Si ndiyo uwekayo wewe?"
Kweli, hazikosi mfukoni mwangu,
tatu nne ndani ya kipande cha gazeti.
Ofwono wa baiskeli akasema kitunguu saumu, kipondwe.
Mpita njia, gunia kichwani, hakusimama hata:
"Shubiri! Mpake shubiri!"
Kila mtu ana msitu wake wa dawa
mradi kinywa si chake.

Nilikwisha kuiponda karafuu.
Nilikwisha kuchovya kidole.
Ndipo akaingia Amoding wa mifugo,
matope ya Molo hadi magotini,
amekuja kusagiwa wimbi,
akanidaka mkono kama mkono wa mwizi.

"Hiyo inakuliwaza wewe. Ini la paka haliiwezi.
Kitunguu kitamla damu.
Shubiri itamharisha mpaka umwonee haya.
Unataka dawa ya asili?
Maji ni ya asili. Kidole ni cha asili.
Na subira, kama unayo."

Basi jioni, mashine ikinyamaza,
maji yaliyochemka yakapoa,
chumvi kidogo, kiasi cha chozi,
na kitambaa cha fulana yangu kuukuu
kimeviringishwa kwenye kidole cha shahada.
Siku ya kwanza alinichana mpaka kiwiko.
Siku ya pili hakuonekana.
Siku ya tatu nikachovya kidole kwenye mchuzi wa mukene,
nikamwacha alambe, nisiguse kitu.
Siku ya sita jino moja.
Siku ya tisa mawili, na mngurumo.
Chakula chake nikakiloweka kilainike,
nikajikuta namtafutia miiba
mimi niliyemeza miiba yangu maisha yote.

Upande wa kulia ukarudi waridi.
Wa kushoto ulikataa.
Amoding akagusa jino la nyuma, likacheza.
"Hapa umefika mwisho wa chumvi," akasema.
"Mzizi umeoza. Maji hayang'oi."
Nikauza magunia mawili ya pumba.
Sindano ya usingizi, kitambo kidogo,
na jino likaanguka kiganjani mwangu,
dogo, dogo mno kwa maumivu yale,
na Karani amelala ulimi nje
kama mlevi wa sikukuu.

"Na wewe lini?" Amoding akaniuliza,
akitazama shavu langu.
Nikasema pumba zimekwisha.

Jino nikalifunga ndani ya gazeti. Sijui kwa nini.
Usiku gego likaamka,
nikapapasa mfuko gizani,
nikafungua karatasi,
nikatia kinywani, nikauma.

Halikuwa karafuu.

Toka juu ya magunia
macho mawili ya kijani yalinitazama
muda mrefu, bila kupepesa,
kisha nikasikia anatafuna.