Kampani Njo Inalipa

Usiku wa Barbara Mtakatifu, msimamizi wa wachimbaji,
mvua ilikuwa imeshika barabara ya Kipushi tangu saa tisa.
Turubai lilifungwa kwenye uwanja wa malori,
chini yake meza arobaini, bukari, mbuzi, kapenta wa kukaanga,
na kreti mia moja na kumi.
Nazijua. Nilizihesabu mimi.
Fomu ya manunuzi ina mwandiko wangu.

Mkuu wa zamu akapanda juu ya kreti tupu,
kofia ngumu imemwangukia kisogoni:
"Munywe, bandugu! Leo kampani njo inalipa!"
Tukacheka. Tukapiga makofi.
Mwilambwe, fundi wa pampu, hakuwa mnywaji;
chupa ya kwanza aliishika
kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani ambebe.
Ya pili mkuu alimfungulia mwenyewe, kwa meno.
Ya tatu nani angeikataa,
na daftari la mahudhurio liko pale pale mezani,
kalamu imefungwa kwa uzi?

Sasa wakili wa kampuni, Tshibang, ananyoosha tai:
karamu ilikuwa ya hiari.
Hiari!
Asiyetia sahihi, Januari bahasha yake hukonda.
Anasema saa nne na dakika ishirini usiku si saa ya kazi.
Anasema pikipiki ilikuwa yake, koo lilikuwa lake,
mkono ulioinua chupa haukuwa na nembo.

Ulikuwa nayo. Mkono wa kushoto, uzi wa kijani.
Kwa uzi huo ndipo mkewe alipomtambua.

Monga hajasoma sheria.
Alisimama, mtoto mgongoni, akauliza swali moja:
"Alfajiri alikuwa wenu. Mchana alikuwa wenu.
Hata kuugua aliomba ruhusa kwenu.
Saa ile, kwenye tope, alikuwa wa nani?"

Hakimu akaandika. Feni ikazunguka.
Mtu akakohoa kohozi la kuazima.

Mimi, benchi la tatu, nilikuwa nawaza lango.
Kila asubuhi pale tunapuliza kifaa,
mmoja mmoja, kama waumini wanaobusu sanamu,
na ukikutwa na harufu ya jana tu
unarudi nyumbani bila mshahara wa siku.
Usiku ule kifaa kililala kwenye droo.
Numbi, mlinzi, aliinua kizuizi, akapiga saluti,
akamwambia, "Fundi, polepole."
Ndivyo alivyoieleza mahakama. Akarudia: polepole,
kana kwamba bado sauti ingemfikia.

Kuna jambo wakili Tshibang halijui.
Au analijua.
Kwenye fomu yangu, mstari wa kumi na nne:
Mabasi mawili ya kurudisha wafanyakazi, Katuba na Kenya.
Umekatwa kwa wino mwekundu, mstari umenyooka.
Pembeni, mwandiko wa mkurugenzi:
Gharama. Ongeza kreti ishirini.
Mwandiko ni wake.
Rula ilikuwa yangu.

Kopi ya kaboni naiweka nyumbani, ndani ya kopo la unga.
Ada ya shule ya wanangu hutoka mkono ule ule
ulioandika gharama.
Nimeitoa koponi mara tatu.
Nimeirudisha mara mbili.

Leo iko kifuani, ndani ya sidiria, imeanza kulowa.
Ofisi hufunguliwa saa moja, mahakama saa tatu,
na kati ya hizo kuna foleni hii ya langoni, viatu vya chuma,
watu wananong'ona mechi ya jana.
Numbi ananisogezea kifaa. Haniangalii usoni.
"Puliza, mama."

Napuliza hadi mbavu zinauma.
Sifuri, kinasema. Sifuri.
Pita.