Kidole cha Makala

Cibalonza, keti. Chai bado moto.
Wengine nimeshawaambia ya kuwaambia:
taa za Bethlehemu, mizeituni minene iliyopinda mgongo,
paroko akaitika amina kabla sijamaliza.
Wewe nakupa mabaki.

Yordani ni mto mdogo, dada yangu.
Ruzizi ungeupita bila kuusalimu.
Niliingia mpaka magotini, maji rangi ya chai hii,
ng'ambo askari anakula tufaha,
nikajisemea: kumbe hata huku mto ni mpaka,
hata huku mtu hubatizwa bunduki ikitazama.

Na ile bahari ya Galilaya ni ziwa,
lina vilima pembeni kama letu.
Nilipoona mitumbwi nikatafuta sambaza kwa macho.
Nikamuuliza mwongozaji:
usiku wavuvi wenu huimba wakivuta nyavu?
Akatazama saa yake.

Vikaratasi vyenu nilivibeba kifuani, arobaini na kimoja,
kutoka Kadutu mpaka ukutani:
viza, mimba, kesi ya kiwanja,
mume arudi kutoka Kamituga, hata bila dhahabu.
Nikavichomeka kwenye nyufa, kimoja kimoja.
Chako hakikuwa na neno.
Alama ya kidole tu, kwa makala.

Nami alama ile naijua kuisoma,
maana usiku wa mvua ni mimi niliyeshika taa
ulipokuwa ukichimba tope kwa mikono hiyo hiyo,
ukiita Mugisho, Mugisho,
na mlima umeshiba, haujibu.

Basi chako sikukichomeka.

Kaburini tulipanga foleni nusu ya siku.
Mlango mfupi, unaingia umeinama
kama mtu anayeokota mayai bandani.
Ndani jiwe, mishumaa, jasho la mataifa.
Mtawa anagonga ukuta: upesi, upesi.
Watu walilia kwa furaha kwamba hamna mtu.
Mimi nililia kivyangu.
Nikasema: Bwana, wanawake wako
walijua pa kupeleka manukato asubuhi ile.
Huyu wa kwetu apeleke wapi?

Hakunijibu. Mtawa aligonga tena.
Nikalisugua jiwe kwa karatasi yako
mpaka makala yakahamia kule, kijivu kidogo,
ukubwa wa kidole chako,
kwenye jiwe ambalo wafalme wamelibusu.

Hii hapa. Imebaki karatasi.

Na lingine, lakini lisitoke humu ndani.
Chupa ya Yordani waliichukua uwanja wa ndege,
wakaitupa kwenye pipa pamoja na dawa za meno.
Yale maji niliyogawa Jumapili,
kijiko kwa kila nyumba,
usiniulize.
Nilishuka alfajiri, darajani, na kidumu.
Mtoto wa Nzigire homa imempungua, wanasema.

Mbona unacheka?
Cibalonza, nyamaza, paroko yuko hapo nje.
Nyamaza, we mwanamke.
Lete kikombe.