Vijiko vya Tyyne

Jumamosi ya pili ya Oktoba, Thunder Bay,
baridi imeanza kung'ata ncha za masikio.
Reijo anatoka uani na bisibisi mbili,
birika la maji ya moto
na mkebe mtupu wa kahawa wa kutilia skrubu.

Nyumba yenyewe inamfika kifuani.
Paa lilikuwa jekundu; jua la miaka kumi na mitatu
limelilamba hadi likabaki rangi ya ufizi.
Ukutani, kando ya mlango, pana tundu la barua.
Dirisha moja limekwama wazi
tangu mwaka ule wa theluji ya kiunoni.

Anagonga kabla ya kuanza. Hodi.
Mtu mzima, fundi wa mitambo, mvi hadi kwenye nyusi,
anaipigia hodi plastiki.
Anayejibu ni nyigu mmoja, kalewa baridi,
anajikokota kutoka kiotani chini ya paa
kama mpangaji asiyejua kuwa notisi imetoka.

Skrubu nane za kwanza zilitoka kwa heshima.
Ya tisa ilikuwa imeoza kichwa;
bisibisi ikazunguka bure, ikazunguka bure,
naye akatukana kwa Kifini,
lugha aliyoachiwa na mama yake
kwa ajili ya sala na matusi.

Kuta zimeshikana kwa meno ya kubana.
Ukizivuta kwa nguvu kwenye baridi zinakatika,
na mnunuzi, bwana Delbert wa kule Kakabeka,
ameshalipa nusu.
Basi akamimina maji kwenye pembe, polepole, mvuke ukapanda.
Husemwa maji ya moto hayachomi nyumba.
Kweli, hayachomi. Lakini hii iliyalegezea meno.
Tak!
Ukuta wa mbele ukamwangukia mikononi,
mwepesi kuliko alivyohofia,
na ndani yake kitu kikalia.

Kuta hizi zina uwazi katikati.
Akautikisa. Kikalia tena, kama njuga.
Akauinamisha juu ya nyasi, tundu la barua chini:
kwanza maji ya kijani, konokono, kifungo,
kisha kijiko.
Kijiko cha chai, cha fedha, chenye ua dogo mkononi.
Kisha kingine.
Kisha vikaja kwa pamoja, vikisukumana kutoka.

Kumi na kimoja.

Mwaka ule mama yake alikuwa amehamia kwao
na mabegi mawili na kisanduku cha vijiko vya harusi.
Tayari alikuwa akiuita mkate saa,
na saa akiiita kwa jina la marehemu mumewe.
Vijiko vilipoanza kupungua, nani mwingine angeshukiwa?
Walisema: anavitupa kwenye taka.
Walisema kwa upole, na upole ule ndio unaouma sasa.
Mirja alitia komeo kwenye droo.
Reijo alimpekua mama yake mifuko ya gauni kila jioni
akijifanya anamfunga vifungo.
"Sikuchukua," alisema Tyyne,
"sikuchukua, Reijo,"
siku za mwanzo. Baadaye aliacha kubisha.
Baadaye zaidi akaanza kuomba radhi.

Ansa anatoka, miaka kumi na sita, simu mkononi,
soksi tupu juu ya umande ulioganda.
"Hivyo ni nini?"
Reijo anautazama mkono wake, mkubwa sasa,
usioweza tena kupita kwenye tundu lolote.
Neno linamfika mdomoni.
Lakini amewahi kumshtaki mtu kwa vijiko hivi. Inatosha.
"Vya bibi yako," anasema.
"Shika ukuta upande ule."

Hadi adhuhuri imelala yote chini, imepangwa kama trei,
na pale iliposimama pamebaki mraba wa nyasi
weupe kama ngozi chini ya bandeji.

Usiku, Mirja amelala,
anaviosha kimoja kimoja kwenye beseni.
Cha kumi na mbili kilikuwa droo muda wote,
chini ya visu, peke yake.
Komeo bado lipo. Hakuna aliyekumbuka kulitoa
hata baada ya mazishi.
Reijo analifungua kwa bisibisi ileile,
skrubu mbili tu, fupi, za shaba,
anazitupia kwenye mkebe wa kahawa pamoja na zile nyingine.

Kesho, huko Kakabeka, Delbert atamaliza kuijenga nyumba,
atazihesabu, ataushika mkebe juu juu kwenye mwanga,
na hatajua hizi mbili zilizozidi
zilikuwa zikifunga nini.